Viatu vya Damu ya Mzee, na Bado!

Jamani, jamani, jamani! Kama umesimama, kaa. Kama umekaa, kaa vizuri, maana habari hii imenijaa kifuani na siwezi kuibeba peke yangu. Nimepata viatu. Si viatu hivi hivi, viatu hasa! Vya ngozi, ngozi kweli kweli, rangi ya damu ya mzee, visivyo na kamba, pua ya mviringo, vimeshonwa pembeni mzunguko mzima kwa uzi mnene mnene. Na hivi ninavyoandika viko miguuni mwangu chini ya meza, na vidole vinachezacheza mle ndani kwa raha zao. Vinachezacheza! Viatu vya ofisini, yakhe, vya kuvalia suruali ya pasi, na vidole vinacheza!

Wewe ni mtu wa huku, unayajua mateso yetu. Kiatu rasmi kikivuka Likoni kuja Kwale kimeshahukumiwa. Mchanga wa Diani unaingia, unasaga. Jiwe la matumbawe linaitafuna soli. Ukipanda Shimba Hills kuna udongo mwekundu unaong'ang'ania kisigino na hautoki mpaka Idd. Joto linailainisha gundi, unyevu unaimalizia. Halafu siku hiyo hiyo unayoitwa kwa mkubwa, katikati ya Ukunda, soli inafungua mdomo mbele, pa! pa! pa!, na vijana wa boda wanakupa pole huku wakicheka. Na kusema utavaa ndara huwezi. Ofisi za kaunti kule Kwale mjini, mapokezi ya hoteli, benki, shule, hospitali ya Msambweni, kote kunatakiwa kiatu cha heshima, na kote utawaona watu wazima, wenye elimu zao, wakivua kisirisiri chini ya meza ili miguu ipumue.

Ajabu ni kwamba hatukuzaliwa hivi! Sisi tuliosoma Kenya tulikanyagia Bata, vya kiwanda cha Limuru, zile Toughees nyeusi ambazo ulizipigia mawe teke kutoka darasa la nne hadi mdogo wako akazirithi. Mtoto wa shule anavaa kiatu cha kudumu, halafu akipata kazi na mshahara anaenda kununua karatasi iliyopakwa rangi. Mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo, na sikuwa na jibu, mpaka nilipokwenda Nairobi kikazi nikachepuka Kariokor.

Lo, Kariokor! Kabla macho hayajaona kitu, pua imeshafika. Harufu ya ngozi, harufu ya gundi, na juu yake moshi wa nyama choma, vyote kwa pamoja, vinakuchanganya hujui unataka kula au kuvaa. Nyundo zinagonga, cherehani zinanguruma, viatu vimepangwa kutoka sakafuni mpaka darini, mikanda inaning'inia, na kila unayempita anakuita. Nikasimama kwa mzee mmoja aliyekuwa haniiti. Anashona tu. Mbele yake kuna mguu wa mti umevishwa kiatu, naye anaivuta ngozi juu yake kwa koleo, anavuta, anapiga msumari mdogo, anavuta tena, polepole, hana haraka na mtu.

"Mzee, hivi vya damu ya mzee vitanibana?"

Hakuinua hata kichwa. "Ingiza mguu, kijana wangu. Usininunulie kwa macho."

Nikaingiza. Wewe! Kwanza ubaridi. Ndani nako ni ngozi, laini, haina kitambaa, haina sponji la kujifanya, na ule ubaridi wake ukanipanda mguuni mpaka nikatamani nivue niingize tena. Halafu kisigino. Kisigino kimeshikwa kama mtoto aliyefungwa mgongoni kwa leso: hakibanwi, na hakidondoki. Halafu vidole, mbele kule, vina nafasi yao kila kimoja na ujirani mwema. Nikapiga hatua. Nikangoja ile sauti, unaijua, ile kwi kwi kwi ya kiatu kipya inayowafanya watu wa ofisini wageuke. Kimya. Nikapiga ya pili. Kimya! Nikazunguka kibanda kizima, nikampita mama wa mikoba, nikarudi, mzee bado anashona, anatabasamu peke yake.

Na bado! Akavichukua mkononi, akakikunja kimoja mbele ya macho yangu, pua inakaribia kisigino, roho yangu mkononi. Ngozi ikafanya mikunjo midogo midogo, myembamba sana, akakiachia, kikarudi, mikunjo ikafutika. Akachukua kipande cha ile ngozi ya bandia kilichokuwa chini, akakikunja hivyo hivyo: kikavunjika mstari mmoja mkubwa, mweupe, na mstari ukabaki. Hakusema kitu. Alikuwa amemaliza.

Sitakuchosha na vipimo, mara unene wa soli, mara uzito, nenda ukashike mwenyewe. Nitakwambia jambo moja tu la ufundi kwa sababu ndilo roho ya maneno: mshono. Ile soli haikubandikwa ikaachiwa Mungu. Imebandikwa, halafu ikashonwa, uzi unaingia na kutoka pembeni mpaka unakutana ulipoanzia. Sasa joto la Msambweni lije, gundi iyeyuke ikipenda, uzi unashikilia! Ndiyo maana watu wengi wa Kenya wakinunua kiatu kipya hupita kwanza kwa fundi wa kando ya njia akawazungushie uzi kabla hawajakivaa. Marekani walilimaliza jambo hili zamani, pale miaka ya 1870 Charles Goodyear, mtoto wa yule Goodyear wa mpira, alipoweka jina lake kwenye mashine za kushona soli kwa ukanda wa pembeni, na kiatu cha namna hiyo soli ikiisha unatoa unaweka nyingine, juu pamebaki vile vile. Lakini raha ya Kariokor ni kwamba mashine ni mkono wa mzee.

Haya, sasa safari. Nikafanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu halifanyi: nikavivaa vipya vipya siku ile ile ya kurudi nyumbani. Treni ya Madaraka Express, ile iliyoanza kupakia abiria 2017, kutoka Syokimau mpaka Miritini. Unaijua safari yake! Unashuka na mizigo, unapanga mabegi chini yanuswe na mbwa, unasimama, unasogea, unakaguliwa, unapanda ngazi, unashuka ngazi, na hujaondoka bado Nairobi. Kiatu kipya cha kawaida hapo kingeshanikata nyuma ya kisigino. Hiki? Hata habari! Tukapita Voi miguu yangu imeanza kuvimba kwa kukaa, nikasubiri maumivu, nikayasubiri kwa adabu kabisa, hayakuja. Ngozi ilikuwa imeshaanza kujifunza mguu wangu. Niliihisi! Pale kwenye kifundo kidogo cha kidole gumba, kile kinachonitesa kila kiatu, ngozi imejitanua taratibu ikakipa chumba chake. Nikateremka Miritini, nikapata gari la kupita Dongo Kundu, madaraja yale marefu, upepo wa mikoko dirishani, moja kwa moja mpaka upande wetu bila kugusa feri, na naapa nilitamani njia iwe ndefu zaidi.

Lakini utamu wenyewe hasa sijaufikia. Utamu wenyewe ni kuvua!

Hebu hesabu mtu wa Pwani anavua viatu mara ngapi kwa siku. Mlangoni kwa watu, kuna mkeka, unavua. Msikitini, unavua. Uwanja mdogo wa ndege pale Ukunda au Moi kule Mombasa, wakikwambia pitisha viatu kwenye mashine, unavua. Boti haifiki kavu, unavua. Sasa viatu rasmi wanavyotuuzia vingi ni vya kamba, vimebuniwa kwa ajili ya mtu anayevaa asubuhi na kuvua usiku, mtu wa baridi, mtu asiyeitwa "karibu ndani" kila nyumba ya tatu. Sisi tunainama, tunafungua, tunafunga, tunakanyaga kisigino kwa haraka mpaka nyuma kimelala, na kikishalala nyuma kiatu kimekufa. Hivi vyangu, muuzaji wa jirani na mzee huviita lofa, unatumbukiza mguu tu, chwa!, umekwenda. Ijumaa baada ya sala watu wameinama mlangoni, kamba mikononi, migongo inauma, mimi nimeteleza kati yao nimeshafika barabarani. Nilijiona bwana harusi! Ila nikwambie ukweli, viatu vizuri namna hii huviachi kwenye rafu ya mlangoni, moyo hautulii, kwa hiyo natembea na mfuko wa kitambaa, naviingiza, nakaa navyo karibu. Na bado! Havinuki! Ngozi ndani, ngozi nje, hewa inapita, mfuko unafungua kwenye kadamnasi bila aibu.

Na unajua kiatu cha aina hii kilitoka wapi? Kwa watu wa majini! Aurland, kijiji cha Norway kilicho ukingoni mwa bahari inayoingia katikati ya milima, fundi mmoja Nils Tveranger alikuwa akivitengeneza vya kuvaa bila kamba, na 1936 kampuni ya G.H. Bass ya Marekani ikaanza kutoa vyake, ndipo wanafunzi na mabwana wa ofisi wakavidaka. Kwa hiyo ni kiatu cha pwani tangu asili, pwani ya theluji tu. Kimekuja kwa wenyewe.

Siku ya kuvipeleka kazini hasa nilikuwa na mkutano kisiwani Chale. Wewe unaijua njia, Diani unaiacha nyuma, Kinondo, msitu wa kaya upande wako umetulia na heshima zake, unashuka mpaka ufuoni. Na kuvuka kule bahari ndiyo inayoamua: maji yakijaa boti, yakikupwa trekta, na ukifika katikati ya mambo unakunja suruali mpaka gotini. Mimi nimevaa koti, nimebeba mafaili, na viatu vya damu ya mzee viko mfukoni vinalala salama, maana ngozi na maji ya chumvi hawapatani hata kidogo, usijaribu, usinijaribie. Nikafika ng'ambo, nikajikung'uta mchanga, nikapangusa nyayo kwa leso, chwa! chwa!, nikaingia mkutanoni bila soksi, mguu mkavu, kiatu kinang'aa, huku wenzangu wa kamba wamekaa kwenye kigogo wanafukua mchanga kwenye matundu ya kamba. Dada mmoja wa mapokezi akaviangalia, akaniangalia, akaviangalia tena. "Kaka, hivyo umevitoa Ulaya?" Kariokor, dada yangu! Kariokor!

Nikarudi kwa njia ya Gazi, nikashindwa kujizuia, nikapanda ile njia ya mbao ya akina mama inayopita katikati ya mikoko. Nilitaka kusikia soli kwenye mbao. Tok, tok, tok, sauti nene, ya mtu mwenye mshahara! Mbao zina unyevu, kiatu cha soli ya plastiki pale kingeniangusha kwenye tope mbele ya kaa wote, hiki kimeshika. Na nikakumbuka jambo likanisisimua: magome ya mikoko, hasa mkandaa, ndiyo watu wa pwani hii waliyokuwa wakiyatumia kulainishia ngozi na kuitia rangi, na yalikuwa yakipakiwa kwenye vyombo na kupelekwa ng'ambo. Sasa Gazi na Makongeni wameamua mti usimame. Mradi wao wa Mikoko Pamoja tangu 2013 unauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu, na pesa zinarudi kwenye maji ya kunywa na shule. Nikasimama pale na viatu vyangu vya ngozi katikati ya miti ambayo gome lake zamani lingeishia kwenye pipa la ngozi, nikavionyesha mikoko. Nimesema nilivionyesha mikoko. Ukivivaa utanielewa.

Kasoro? Zipo, mimi si mpofu. Soksi zangu nyeupe zimegeuka waridi, rangi ya ndani ilitoka siku za mwanzo, kwa hiyo anza na soksi nyeusi au usivae kabisa. Soli ni nzito kidogo ukizoea vile vyepesi vya plastiki, jioni ya kwanza paja linauliza kulikoni. Na vinadai kubembelezwa! Huku kwetu huwezi kuvua kiatu cha ngozi ukakitupa kabatini ukasubiri sherehe. Msimu wa mvua, Aprili na Mei, ukikifunga kwenye mfuko wa nailoni utakifungua kimeota kuvu la kijani. Kiache kwenye hewa, kivulini, kijazie magazeti tumboni kinywe unyevu. Kikirushiwa maji ya bahari, futa mapema kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, maana chumvi ikikaukia ndani huacha mistari myeupe na ngozi hukakamaa. Na kisiwekwe juani, kisiwekwe juani, kisiwekwe juani! Mimi sasa kila wiki natoa kiti nje, brashi, kopo la rangi, kitambaa cha fulana kuukuu, nazungusha kidole taratibu, tone la maji, nazungusha, mpaka pua ya kiatu inanionyesha mnazi wa jirani. Nilidhani itakuwa kazi. Imekuwa starehe, watoto wa mtaani wanakuja kutazama!

Bei usiniulize huku umeshika kifua. Ndiyo, utatoa zaidi, utatoa kama pea kadhaa za zile za kubandika. Lakini zile za kubandika unazinunua Ramadhani, Idd ndogo zinacheka, Idd kubwa umenunua nyingine, na kati yake umempa fundi pesa ya kuzishona mpaka imefika bei ya hivi. Nilivipeleka kwa fundi wangu wa Ukunda, mzee aliyezoea kuniona nimebeba kiatu kilichofungua mdomo. Akavigeuza, akavigonga soli kwa ukucha, akapitisha kidole kwenye mshono mzunguko mzima, akaninyooshea.

"Mwanangu, hivi hutaniletea leo wala kesho."

"Na soli ikiisha, Baba?"

"Ikiisha lete. Hii inatoka, inawekwa nyingine. Juu hapa hapana neno."

Nikamlipa chai tu kwa maneno hayo!

Na kama Nairobi iko mbali, yakhe, Kongowea si iko hapa? Alfajiri, mabunda ya mitumba yakifunguliwa, utakuta mle ndani vya Clarks, hao Waingereza wa kijiji cha Street walioanza 1825, utakuta na vya Kidenmaki, ngozi nzuri, mshono mzuri, vimevaliwa kidogo na mtu wa baridi ambaye hajui alichokitupa. Ila shika soli ubonyeze kwa kidole gumba kwa nguvu kabisa. Zile soli laini laini za sponji gumu, zikikaa miaka kwenye unyevu huoza zenyewe bila kuvaliwa, unanunua kiatu kinang'aa, unafika Likoni, unashuka ule mteremko wa feri mbio na wenzako, soli inabaki nyuma vipande vipande. Ikibonyea na kuacha unga, rudisha. Ikirudi yenyewe imara, bana kwapani, lipa, kimbia.

Dada yangu, mwalimu kule Msambweni, anayesimama ubaoni kutwa nzima, ameviona akanyamaza. Akavishika. Akaingiza mkono wake ndani mpaka puani kwa kiatu, akautoa, akaunusa! Kesho yake akaniletea boksi la katoni amechora miguu yake miwili, tayari niitume Kariokor apate vyake, vyeusi, kisigino kifupi. Nikamrudishia. Alichora asubuhi! Miguu huvimba kadiri joto linavyozidi, na kiatu kilichopimwa asubuhi kinakubana saa tisa. Na wewe ukichora, chora jioni ukitoka kazini, simama wima uzito wote chini, mwenzio akushikie penseli iliyosimama wima isilale, azungushe polepole, miguu yote miwili maana hailingani, halafu juu yake andika rangi. Damu ya mzee zimebaki chache!